Shirika la ndege likikimbilia mahakamani, wadai hulipwaje?

Kila Aprili, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotua bungeni hapa Dodoma, mji mzima hugeuka wahasibu kwa wiki mbili tatu. Kwenye vijiwe vya kahawa Majengo na kwenye daladala za Mtumba hoja huwa ileile: Air Tanzania imekula hasara tena, basi imefilisika. Takwimu zenyewe hazihitaji kutiwa chumvi. Mwaka wa fedha 2022/23 hasara ilikuwa Sh56.6 bilioni, na mwaka uliofuata ikapanda hadi Sh91.8 bilioni. Ila kupata hasara si kufilisika, na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai ni jambo la tatu kabisa. Asiyetenganisha haya matatu atapotea kila akisoma habari za ndege, ziwe za kwetu, za Kenya Airways, au za Spirit ya Marekani, iliyoomba ulinzi Novemba 2024, ikatoka Machi 2025, kisha ikarudi kwa hakimu Agosti mwaka huohuo.

Hasara maana yake matumizi yamezidi mapato kwa kipindi fulani. Kampuni inaweza kupata hasara miaka kumi mfululizo na bado ikalipa ankara zake zote, mradi mwenye mali anaendelea kumimina fedha. Kushindwa kulipa ni pale madeni yanapoiva na mfukoni hakuna kitu, au pale mali zote zikiuzwa leo bado hazifuti madeni. Ufilisi ni hatua ya kisheria: mahakama inaamua, mfilisi anateuliwa, mali zinauzwa, wadai wanagawana, kampuni inakufa. Wengi tunaifahamu RITA kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na hiyo ya katikati ni kazi yake pia.

Ulinzi dhidi ya wadai uko kati ya kushindwa kulipa na kufa. Kampuni bado ina pumzi, wadai wameshika koo, na mahakama inawaambia wote wasimame kwanza.

Kwa nini mahakama imtetee mtu anayedaiwa, wakati sote tumekua tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa? Twende Kibaigwa. Mzee mmoja ana mashine ya kukamua alizeti. Kaichukua kwa mkopo, na benki imeishika kama dhamana. Wakulima wamemwachia magunia kwa mali kauli, watalipwa mafuta yakiuzwa. Vijana wa kupakia mbegu wana miezi miwili hawajaona mshahara. Fundi aliyesuka mota upya hajalipwa. Na yuko mama wa Dodoma mjini aliyetanguliza hela ya madumu kumi ya mafuta, ambayo hajayatia machoni. Uvumi ukitoka kwamba mzee kaishiwa, kila mmoja atataka kuwahi. Fundi anakuja usiku kufungua mota. Wakulima wanaleta Fuso wabebe magunia yaliyobaki, yakiwemo yasiyokuwa yao. Benki inatuma dalali wa mahakama na gari la kubebea mashine. Mpaka jioni ya siku ya pili kilichobaki ni fremu ya chuma na rundo la mashudu.

Sasa piga hesabu. Mashine isiyo na mota inauzwa kwa kilo, bei ya chuma chakavu. Mota bila mashine ni mota tu. Aliyewahi kapata chake, aliyechelewa kala wa chuya, na ukijumlisha walichopata wote ni kidogo kuliko ambacho mashine ingeingiza kama ingeachwa ikamue msimu mmoja zaidi. Hapo ndipo ulinzi unapopata mantiki. Unawekwa ili wadai wasiumizane wao kwa wao kwa kugombea vipande, na mdaiwa ananufaika kwa sababu hiyo tu.

Kwa ndege hoja hii ina nguvu mara dufu, kwa sababu shirika la ndege linanyauka haraka mno likisimama. Majengo na viti havina thamani kubwa. Thamani iko kwenye leseni, ratiba, marubani wenye vyeti hai, nafasi za kutua viwanja vyenye msongamano, na imani ya abiria kwamba ndege ya Ijumaa itaondoka. Likisimama wiki mbili, marubani wanatafuta kazi kwingine na abiria wanahama. Hata viwanja vya ndege vina meno. Uingereza, kwa mfano, sheria inaruhusu uwanja kuizuia ndege isiyolipiwa tozo.

Utaratibu maarufu zaidi ni wa Marekani, Sura ya 11 ya sheria yao ya ufilisi ya mwaka 1978. Kampuni ikiwasilisha maombi tu, saa hiyohiyo madai yote yanasitishwa. Hakuna kukamata mali, hakuna kesi mpya ya kudai deni la zamani. Menejimenti inabaki ofisini, ikiendesha shirika chini ya jicho la mahakama. United iliingia Desemba 2002, ikatoka Februari 2006. Delta na Northwest ziliomba siku moja, Septemba 14, 2005. American iliingia Novemba 2011 ikiwa na takriban dola bilioni 4.1 taslimu, kwa hiyo ile dhana kwamba anayeomba ulinzi ni lazima awe amebakiwa na vumbi la mfukoni haina ukweli. Wajanja huomba mapema, wakiwa bado na fedha za kuendeshea shughuli. Anayesubiri hadi mafuta yamkatikie njiani kwa kawaida huishia kufilisiwa.

Wengine hata si Wamarekani. SAS ya nchi za Skandinavia ilikwenda kuomba ulinzi New York mwaka 2022, ikatoka Agosti 2024. LATAM ya Chile iliomba Mei 2020, janga la korona likiwa limezisimamisha ndege zake, na ndani ya ulinzi huo ikapewa mkopo mpya wa zaidi ya dola bilioni 2. Nani anamkopesha aliyeko mahakamani kwa madeni? Anayehakikishiwa kulipwa kabla ya wengine. Mahakama humweka mkopeshaji huyo mpya mbele ya foleni, maana bila mafuta ya ndege ya kesho hakuna kitakachobaki cha kugawana. Wadai wa zamani hukunja uso, na wana haki ya kupinga, lakini mara nyingi hawana njia iliyo bora.

Kusamehewa madeni je? Hilo ndilo linalowachoma watu wengi, kwamba matajiri wakikopa wanafutiwa, sisi tukichelewa rejesho la kikundi tunanyang'anywa hadi sufuria. Uchungu huo una msingi. Lakini mahakama haifuti deni kwa huruma. Shirika linaandaa mpango: fulani atalipwa chote kwa miaka mitano, fulani atapewa hisa badala ya fedha, fulani ataambulia sehemu. Wadai wanapangwa kwa makundi yanayofanana, kila kundi linapiga kura. Marekani kundi huhesabika limekubali pale ambapo zaidi ya nusu ya wadai waliopiga kura, wanaoshika angalau theluthi mbili ya kiasi cha deni la waliopiga kura, wamesema ndiyo. Mdai mmoja mmoja aliyekataa naye ana kinga: hawezi kulazimishwa kupokea pungufu ya kile ambacho angepata kama kampuni ingeuzwa vipandevipande siku hiyo. Kwa lugha ya Kibaigwa, mpango hauwezi kumpa fundi pungufu ya fungu lake la chuma chakavu.

Tena wadai huunda kamati, huona vitabu vya hesabu, huhoji mishahara ya wakubwa, na wakiona mambo yanachezewa wanaweza kuomba mchakato ugeuzwe kuwa ufilisi kamili. Mdaiwa kwenye ulinzi anaishi uchi. Wakurugenzi wengi huliogopa hilo kuliko deni lenyewe.

Foleni yenyewe iko hivi, kwa ujumla, maana kila nchi ina vionjo vyake. Gharama za mchakato hutoka kwanza. Mwenye dhamana hulipwa kutokana na kile alichokishika. Kisha mishahara iliyolala na kodi, kwa viwango ambavyo sheria imeweka. Halafu linakuja kundi kubwa la wasio na dhamana: wauza mafuta, wapishi wa vyakula vya ndani ya ndege, mafundi, na abiria wenye tiketi. Wenye hisa wako mwisho kabisa, na mara nyingi hawapati hata nauli ya kurudi nyumbani. Waliokuwa na hisa za SAS walibaki mikono mitupu shirika lilipotoka kwenye ulinzi.

South African Airways inaonesha foleni hiyo inavyouma. Desemba 2019 iliwekwa chini ya utaratibu wa uokoaji wa biashara, ambao kwa Afrika Kusini humleta mtaalamu wa nje kushika usukani, tofauti na Marekani. Ilitoka Aprili 2021. Wafanyakazi walikuwa takriban 4,700, wakabaki kama 1,000. Wadai wasio na dhamana walipangiwa senti saba na nusu kwa kila randi moja. Aliyekuwa anadai randi 100 alitakiwa kuhesabu randi saba na nusu, tena kwa awamu. Na Hazina ya nchi ilitenga randi bilioni 10.5, yaani wadai, wafanyakazi na walipakodi wote walichangia. Bado hiyo ni hadithi ya shirika lililopona. Comair, jirani yake, iliingia utaratibu huohuo Mei 2020, na Juni 2022 ikafilisiwa.

Kuna mdai mmoja ambaye sheria imempa njia yake ya pembeni: mwenye ndege.

Abiria wengi wanadhani ndege yenye nembo ya shirika ni mali ya shirika. Mara nyingi siyo. Imekodishwa na kampuni ya nje, au benki imeishika. Na ndege ina tabia mbaya kwa mtazamo wa mwenye mali: leo iko Dodoma, kesho Dubai, na ikikaa chini bila matengenezo inaharibika, huku vipuri vyake vikinyofolewa kuvalishwa ndege nyingine. Kwa hiyo Marekani imemwekea mwenye ndege ukomo wa siku 60. Ndani ya muda huo shirika liamue: ama linalipa malimbikizo na kuendelea na mkataba, ama linairudisha ndege. Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 uliueneza mtazamo wa aina hiyo duniani, ukiwa na rejista ya kimataifa ya haki za ndege iliyoko Dublin. Tanzania imo tangu 2009.

Nini hutokea nchi ikiusaini mkataba huo halafu mahakama zake zisiufuate? Muulize Mhindi. Mei 2023 shirika la Go First lilikwenda lenyewe kuomba ulinzi, likilaumu injini za Pratt & Whitney kwa kuzilaza ndege zake. (Familia ya injini hizo imewahi kulaza Airbus A220 za ATCL, yaani Air Tanzania, pia, kwa hiyo kilio chao tunakielewa.) Amri ya kusitisha madai ikazishika ndege zote 54, zikiwemo ambazo wenyewe walikuwa wameshaanza kuzidai. Kampuni zinazokodisha zikabaki zinatazama mali yao kupitia uzio, zikilalamika mahakamani kwamba vipuri vinapotea. Oktoba mwaka huo Serikali ya India ikatangaza kwamba ndege hazitaguswa tena na amri kama hiyo. Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Delhi ikaagiza zifutwe kwenye usajili wa India ili wenyewe wazichukue. Januari 2025 Go First ikaamriwa kufilisiwa. Mwaka huohuo India ikatunga sheria mahususi ya kulinda haki za wenye ndege, kwa sababu hofu ya wakodishaji hupandisha kodi kwa mashirika yote ya nchi husika, hata yale yanayolipa vizuri.

Nadhani hapo India ilijifunza kwa gharama, lakini kuna upande wa pili usiosemwa sana. Ukimpa mwenye ndege haki ya kuondoka na ndege yake haraka mno, ulinzi kwa wengine unakuwa jina tu. Shirika bila ndege ni ile mashine bila mota. Siku 60 si muda mwingi, ila zinatosha kwa mazungumzo ya watu wazima.

Tuje nyumbani, kwenye mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Agosti 2019 ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama. Novemba mwaka huo Bombardier mpya ikazuiwa Kanada kabla haijafika nchini. Mwishoni mwa 2022 A220 nyingine ikakamatwa Uholanzi ilikokuwa kwenye matengenezo. Mara zote tatu niliwasikia watu wakisema "wadai wa ATCL wamekamata ndege." Hawakuwa wadai wa ATCL. Kesi mbili za kwanza zilimhusu mkulima aliyekuwa akidai fidia ya mali zilizotaifishwa miaka ya 1980. Ya tatu ilitokana na mradi wa sukari wa Bagamoyo, ambapo wawekezaji kutoka Sweden walishinda tuzo ya karibu dola milioni 165. Mdaiwa alikuwa Serikali ya Tanzania.

Kwa nini basi ikamatwe ndege? Kwa sababu ndege zilikuwa za Serikali. Zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL ikazikodi. Mpangilio huo ulikuwa na faida yake: mdai wa ATCL, tuseme muuza mafuta, hawezi kuibeba ndege ambayo si ya mdaiwa wake. Lakini ukuta uliowazuia wadai wa shirika ndio uliowafungulia mlango wadai wa Serikali nje ya nchi. Hapa nyumbani mali ya Serikali haikamatwi kwa deni. Ikishatua Johannesburg au Maastricht ya Uholanzi, hakimu wa huko anaona mali ya mdaiwa iliyoegeshwa mbele yake. Na hakuna ulinzi wa kufilisika ambao ungesaidia, maana hakuna kampuni iliyokuwa inafilisika.

Sheria yetu ina mlango wa ulinzi? Upo. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inaruhusu kampuni, wakurugenzi wake au wadai kuiomba Mahakama Kuu amri ya usimamizi. Maombi yakishaingia, wadai hawawezi kukamata mali wala kuifilisi kampuni bila ruhusa ya mahakama, na msimamizi anayeteuliwa hupeleka mapendekezo kwa wadai. Kimaandishi hatuko mbali na wenzetu. Kwa vitendo mashirika ya ndege huupita mlango huo kama hayauoni. La umma hutegemea Hazina, na ruzuku ikija hakuna anayekaa mezani kuuliza njia ipi ya ndege inakula hasara. La binafsi husubiri mpaka mwisho. Fastjet Tanzania ilisimama Desemba 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatangaza kusudio la kuifutia leseni, madeni kwa watoa huduma yakiwa miongoni mwa sababu. Ukifika hapo hakuna cha kulinda.

Kenya walipita njia ya katikati. Mwaka 2017 Kenya Airways iligeuza sehemu kubwa ya madeni yake kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, na benki zilizokuwa zinadai zikaunda kampuni moja inayoshika asilimia 38.1. Baadhi ya benki zilikwenda mahakamani kupinga. Binafsi naona walau pale wadai walijulikana ni akina nani na wamepoteza nini. Ruzuku haikupi taarifa hiyo.

Amebaki yule mama wa madumu kumi, yaani abiria. Akikata tiketi ya Dodoma kwenda Dar kwa simu ya mkononi, ule ujumbe wa muamala ni hati ya deni: shirika linadaiwa safari, na yeye hana dhamana yoyote. Shirika likiwa kwenye ulinzi kama wa Marekani, siku ya kwanza kabisa huiomba mahakama ruhusa ya kuheshimu tiketi zilizouzwa, kwa sababu likizikataa hakuna atakayenunua nyingine. Kwa hiyo kusikia shirika limeomba ulinzi si sababu ya kukimbilia kuifuta safari. Likisimama kabisa ndipo mambo hubadilika. Monarch ya Uingereza iliposimama Oktoba 2017, abiria wapatao 110,000 walikuwa nje ya nchi, na ilibidi serikali ikodi ndege za kuwarudisha. Wa Dodoma angalau ana treni ya SGR tangu Julai 2024. Wa Kigoma ana safari ndefu zaidi ya kufikiria.

Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe fedha kwa huduma ambayo haikutolewa, na maombi hayo yana muda wake, kwa hiyo asikae. Aliyelipa kwa simu au taslimu hana njia hiyo nyepesi. Anatakiwa kutunza namba ya tiketi na ujumbe wa malipo, kupeleka malalamiko kwa shirika kwa maandishi, na likishindikana kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mfilisi au msimamizi akiteuliwa, hutoa tangazo gazetini lenye tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai. Abiria anajaza fomu kama mdai mwingine yeyote, anaambatisha ushahidi, anasaini. Asiyejaza hahesabiwi kwenye kura wala kwenye mgao, hata tiketi yake iwe halali kiasi gani.